Chumba cha hisi kambini na vijijini Kigoma: kukijenga, kukiendesha na yanayokiharibu

Chumba cha hisi ni chumba ambamo mtu mwenye ulemavu hupata mwanga, sauti, mguso, harufu na mwendo kwa kipimo anachokimudu, na yeye mwenyewe ndiye anayeamua nini kianze na nini kikome. Wazo hili lilikua Uholanzi miaka ya 1970, hasa kwenye kituo cha De Hartenberg, kwa ajili ya watu wenye ulemavu mkubwa wa akili waliokuwa wakishinda bila cha kutazama wala cha kushika. Kule shida ilikuwa upungufu, na ndiyo maana vyumba vyao vilijaa taa za rangi na mabomba ya mapovu.

Katika kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu shida imekaa kinyume. Redio ya jirani unaisikia kama yako, moshi wa kuni wa nyumba ya tatu unaingia kwako, na mvua ikipiga turubai hakuna anayemsikia mwenzake. Mtoto mwenye usonji anayeziba masikio kutwa nzima hana upungufu wa sauti. Kwa hiyo hapa kazi ya kwanza ya chumba ni kupunguza, halafu ndipo kuongeza kitu kimoja kimoja. Ukifuata picha za vyumba vya Ulaya utanunua taa nyingi na kumpa mtoto ghasia mpya juu ya zile alizotoka nazo nyumbani.

Jambo jingine liwekwe wazi mapema kwa wazazi: chumba hakiponyi mtindio wa ubongo, hakiondoi usonji, wala hakichukui nafasi ya dawa za kifafa. Kinaweza kumtuliza mtoto, kulegeza misuli iliyokakamaa kwa muda ili mtaalamu wa fiziotherapia apate kuinyoosha, na kuwapa wanaomlea nafasi ya kuona anapenda nini. Mzazi aliyeahidiwa zaidi ya hapo ataacha kuja, na atakuwa na haki.

Kabla ya kuchimba msingi

Ndani ya kambi hakuna ujenzi bila ruhusa ya Mkuu wa Kambi, aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kijijini anza na serikali ya kijiji na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Panga pia kwamba siku moja chumba kitahama. Mtendeli, wilayani Kakonko, ilifungwa mwaka 2021, na kambi ikifungwa jengo hubaki. Kila kinachogharimu kifungwe kwa bolti na nati badala ya misumari, na vifaa vyote vidogo vienee kwenye masanduku mawili ya bati.

Waite watu waone ndani kabla hujaanza kazi. Fikiria namna chumba hiki kinavyoonekana kwa mpita njia: kuna giza, vitambaa vinaning'inia, kuna vibuyu na kayamba, kuna harufu ya majani, na watoto wenye ulemavu wanaingizwa mmoja mmoja. Kwa macho ya wengi hapo ni kilinge cha mganga. Siku ya kufungua, mlango uwe wazi kuanzia asubuhi. Waje mwenyekiti wa kitongoji au viongozi wa kanda, mchungaji, shehe na wakunga wa jadi, wakae kwenye magodoro na waguse kila kitu. Vitambaa vyekundu, vyeusi na vyeupe visiwekwe pamoja. Kwa Kigoma, ambako familia zenye watoto wenye ualbino zimewahi kulazimika kuwahamishia watoto wao kwenye kituo cha Kabanga, Kasulu, kwa usalama, jambo hili ni sehemu ya ulinzi wa mtoto kama lilivyo komeo la mlango.

Kisha mhoji mlezi wa kila mtoto atakayekuja, nje ya chumba na bila haraka. Mtoto ana kifafa? Degedege la mwisho lilikuwa lini, na dawa anazipata? Chakula anakimezaje? Anaweka vitu mdomoni? Ana pumu, vidonda, mpira wa kupitisha maji kichwani? Sauti gani humfanya ajikunje? Harufu gani? Anafanyaje anapotaka kitu, na anafanyaje anapokikataa? Swali la mwisho lina thamani kuliko yote, kwani mtoto asiyesema huwa na namna yake, labda kugeuza macho au kukaza mkono wa kushoto, na mama anaijua. Iandike kwa maneno yake. Yaliyoipata familia njiani usiyaulize. Mlezi akiamua kusimulia, sikiliza, kisha mweleze mahali pa kumpata mshauri nasaha; chumba hiki si mahali pa kufukua.

Jengo

Mita 4 kwa 5 zinatosha watoto watatu kwa wakati mmoja, kila mmoja na mlezi wake. Chumba kikubwa zaidi huwa ukumbi, na ukumbi una mwangwi. Matofali ya udongo mazito ni bora kuliko turubai au mabati ya kusimamisha, maana ukuta mzito huzuia kelele na kupunguza joto. Mahali pa kujenga pawe mbali na mashine ya kusaga, kituo cha kugawia chakula na uwanja wa mpira. Kiwanja cha bure karibu na mashine ya kusaga ni hasara.

Sakafu iwe ya saruji. Sakafu ya vumbi huzalisha funza, na mtoto anayetambaa au kulala chini ndiye wa kwanza kuingiliwa. Zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), unene wa sentimita 7.5 juu ya mawe yaliyoshindiliwa, limwagiliwe maji siku 7. Lisipomwagiliwa litapasuka, na vumbi litarudi kupitia nyufa.

Mlango uwe na upana wa sentimita 90 baada ya fremu, bila kizingiti. Ngazi ibadilishwe kwa mteremko wa 1 kwa 12: kama sakafu iko juu ya ardhi kwa sentimita 30, mteremko uwe na urefu wa mita 3.6. Mafundi hupenda kuufupisha ili kuokoa saruji. Ukifika mita 2 mama hawezi kusukuma kiti cha magurudumu peke yake, na wakati wa kushuka kiti kitamponyoka. Ndani acha mahali penye kipenyo cha sentimita 150 bila kitu, ili kiti kigeuke.

Mlango ukatwe vipande viwili, cha juu na cha chini. Cha chini hufungwa mtoto asitoroke, cha juu hubaki wazi. Mtu aliyewahi kukimbia vita hatulii katika chumba asichokiona mlango wake. Kwa sababu hiyohiyo magodoro yapangwe mtu akilala aone mlango, pazia lisipite mbele yake, na kusiwe na kufuli wala komeo la ndani. Kipande cha juu kikiwa wazi kinazuia pia mambo mengine mabaya: mtu mzima yeyote, awe mtaalamu au mfanyakazi wa kujitolea, asikae na mtoto peke yake mahali pasipoonekana. Wawe wawili daima. Sheria hii haina msamaha kwa mtu anayeheshimika.

Sasa paa, ambalo huua vyumba vingi vya namna hii. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ikishuka juu ya bati tupu, kelele zake huzidi ngoma. Weka dari sentimita 20 au zaidi chini ya bati: kwanza turubai iliyokazwa, kisha majamvi au mikeka miwili miwili iliyopishanishwa juu yake. Acha matundu ya hewa yenye wavu pande mbili juu ya ukuta, vinginevyo joto la saa 8 mchana litabaki humo. Nyasi juu ya bati hupunguza kelele vizuri sana, lakini kambini moto wa jiko moja huruka paa hadi paa, kwa hiyo usizitumie. Hata ukiwa na dari nzuri, mvua kubwa ikianza zima muziki. Kupandisha sauti ili ishindane na mvua ni kosa linalofanywa na karibu kila mfanyakazi mpya.

Kuta zipakwe rangi moja iliyopoa, mfano rangi ya maji ya krimu au kijani kilichofifia. Chokaa tupu huacha unga mikononi, na unga huo huishia machoni. Picha za wanyama na herufi za alfabeti zikae shuleni.

Mbele ya mlango jenga kibaraza chenye kivuli na benchi. Hapo ndipo wanaosubiri hukaa, hapo ndipo mtoto aliyezidiwa hutolewa, na mara nyingi hapo ndipo wazazi hujuana. Usikione kama nyongeza.

Mwanga na umeme

Giza kamili halitakiwi. Kipimo ni kwamba mlezi aone uso wa mtoto na rangi ya midomo yake kutoka upande wa pili wa chumba. Madirisha yafunikwe kwa kitenge kizito kinachoweza kuvutwa, na kila jioni yafunguliwe kabisa: chumba chenye giza mchana ni maficho ya mbu.

Mtoto mwenye ualbino huumizwa na mwanga mkali wa moja kwa moja, hata wa taa ndogo. Taa zote zielekezwe ukutani au zipite nyuma ya kitambaa chembamba, zisimwangaze mtu usoni.

Taa za kumetameta ni hatari kwa baadhi ya wenye kifafa. Mimweko kati ya 3 na 30 kwa sekunde ndiyo yenye kuleta degedege zaidi. Hapa kuna mtego. Taa za mapambo ya Krismasi zinazouzwa madukani huja na kisanduku kidogo cha kubadilisha mitindo. Ukikibonyeza zinatulia, lakini nyingi umeme ukikatika na kurudi hurejea kwenye kumetameta. Fundi akitoe kisanduku hicho na kuunganisha waya moja kwa moja pale inapowezekana, au ununue taa za utepe za volti 12 za rangi moja. Kama haiwezekani, usizitumie.

Kwa sola, hesabu ndogo hii inatosha. Utepe wa taa mita 5 wa wati 4.8 kwa mita ni wati 24. Pampu ya hewa wati 4. Spika wati 10. Feni ndogo wati 15. Jumla ni wati 53, na kwa saa 5 za kazi ni wati-saa 265. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara hufa mapema, kwa hiyo hesabu 600. Paneli ya wati 150 itairudisha hata siku zenye mawingu kiasi. Fyuzi ya ampea 10 iwe karibu na nguzo chanya ya betri. Betri yenyewe ikae nje ya chumba, kwenye sanduku lenye matundu na kufuli, kwani hutoa gesi na huibiwa. Nyaya zipite juu ya mita 2 au ndani ya bomba la plastiki. Mtoto anayetafuna kila kitu atatafuna waya.

Swichi ziwe kubwa na ziwe chini, sentimita 60 hadi 80 kutoka sakafuni, ili mtoto aliyeketi azifikie. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu cha ziada, nunua swichi ya kubonyeza yenye upana wa kiganja. Mtoto ambaye hajawahi kuamua chochote maishani akigundua kwamba mkono wake umewasha taa, ataurudia mkono huo mara 20 bila kuombwa.

Vifaa, kwa uzito wa umuhimu wake

Magodoro na mito huja kwanza. Magodoro manne ya inchi 4 yashonewe ngozi ya plastiki inayotumiwa na mafundi makochi, mishono ikae chini. Godoro la kitambaa likilowa mkojo siku ya kwanza halitakauka wiki nzima ya masika. Kata sponji moja kuwa mto wa mteremko: urefu sentimita 60, upana 50, upande mmoja sentimita 20 na mwingine sifuri. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akilazwa chali tambarare, kichwa kikirudi nyuma mwili wote hukakamaa kama upinde, na hapo hakuna taa wala wimbo utakaomfikia. Mlaze kifudifudi juu ya mteremko mikono ikiwa mbele, au ubavuni, kanga iliyokunjwa ikiwa katikati ya magoti na nyingine nyuma ya mgongo. Anayeweza kuketi afanyiwe kiti cha kona cha mbao: mbao mbili zilizokutana kwa pembe ya 90, kiti cha kina cha paja lake, na mkanda wa kiunoni. Mkao ukikosewa, vifaa vingine vyote ni mapambo.

Jukwaa la mtetemo ni kifaa rahisi kutengeneza na hupendwa hasa na watoto viziwi. Tengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 120, upana 80 na kimo 20, juu plaiwudi ya milimita 12, ndani mbao za kukaza kila baada ya sentimita 40. Spika igeuzwe iangalie juu, isigusane na plaiwudi. Kwenye pembe nne weka vipande vya kandambili kuukuu. Sanduku likikaa kwenye saruji moja kwa moja mtetemo huishia sakafuni. Ngoma ya mkono ikipigwa taratibu juu ya ubao huo hufanya kazi vilevile umeme usipokuwepo. Kwa Warundi ngoma ina heshima yake, kwa hiyo muulize mzee mmoja ni mapigo gani yanafaa kumbembeleza mtoto na yapi si ya mahali hapa.

Bembea isifungwe kwenye paa la nyumba ya matofali ya udongo. Mtu akibembea huvuta kwa nguvu kuzidi uzito wake mara mbili hata tatu, na paa halikujengewa hilo. Simamisha fremu ya pekee, nguzo nne zilizochimbiwa sentimita 75 na kumwagiwa zege, boriti juu, bolti za milimita 12 zenye macho. Kitanda chake kiwe cha turubai nzito, sentimita 40 tu juu ya godoro. Tumia kamba ya nailoni iliyosokotwa ya milimita 12. Katani inaweza kuoza kwa ndani nje ikionekana nzima. Kabla ya mtoto wa kwanza, ning'iniza magunia ya mchanga yenye uzito mara tatu ya mtu mzito atakayeitumia, uyaache usiku kucha, asubuhi ukague mafundo. Kubembea mbele na nyuma polepole hutuliza. Kuzungusha huchangamsha na kutapisha, hata kama mtoto anacheka.

Trei ya mchanga: sentimita 80 kwa 60, kina 10, juu ya meza yenye nafasi ya sentimita 70 chini ili magoti ya mtu wa kiti cha magurudumu yaingie. Mchanga wa ziwa au mto uoshwe, uchekechwe, uanikwe juani juu ya bati kwa siku mbili. Usiku ufunikwe kwa ubao, la sivyo paka watapageuza choo na watoto watapata minyoo.

Miongozo mingi hushauri kujaza trei mchele, maharage au mahindi. Usifanye hivyo hapa. Mahali ambapo familia inasubiri mgao wa chakula na mgao wenyewe umewahi kupunguzwa, kumwaga maharage ili yachezewe ni tusi, na wazazi watalinyamazia tu kwa sababu wanakuheshimu. Panya nao watakuja. Kigoma ina vitu vingine: kokoto laini za ziwani kubwa kama ngumi, maganda ya nazi, pamba, sufi, magunzi, mikeka ya ukindu, vipande vya vitenge na blanketi, vibuyu, magome. Kitu chochote kinachopita kwenye tundu la upana wa sentimita 4 kinaweza kumkaba mtoto anayeweka vitu mdomoni, kwa hiyo mise za michikichi na makokwa ya ukwaju yawe ndani ya chupa iliyofungwa tu. Kagua pia kayamba na manyanga yaliyonunuliwa sokoni. Zile mbegu nzuri nyekundu zenye doa jeusi, namtipitipi, ni sumu kali zikitafunwa; mbegu za mbarika na mbono kaburi vilevile. Kayamba yenye mbegu hizo isiingie.

Chupa za kutazama: chukua chupa ngumu ya plastiki ya nusu lita, maji theluthi mbili yenye tone la rangi, theluthi moja mafuta ya maji ya kupaka watoto. Mawese hayafai, kwani asubuhi za baridi za Kasulu na Kibondo huganda. Pakaa gundi kwenye nyuzi za kifuniko, funga, zungushia utepe, uiache kichwa chini juu ya gazeti usiku mzima. Ikiacha doa, anza upya.

Bomba la mapovu lisiagizwe nje. Dumu angavu la maji la lita 20 na pampu ya hewa ya tangi la samaki hufanya kazi ileile, taa ikiwa nyuma yake. Pampu ikae juu kuliko uso wa maji. Ikikaa chini, umeme ukikatika maji hurudi kupitia mrija na kuiua. Badilisha maji kila wiki na usugue kwa klorini, maana ute wa kijani hujitokeza haraka kwenye joto.

Kizito cha mapajani hushonwa kwa kitenge mara mbili, vyumba vidogo vidogo vilivyojazwa mchanga mkavu. Uzito uwe karibu asilimia 5 ya uzito wa mtoto: kilo 1 kwa mtoto wa kilo 20. Kikae mapajani tu, dakika 15 hivi, kwa mtoto anayeweza kukiondoa mwenyewe. Mwenye shida ya kupumua asiwekewe.

Harufu nitazipitisha haraka kwa sababu hapa kidogo ndicho kizuri: moja kwa siku, kwenye kopo lenye kifuniko kilichotobolewa. Mchaichai uliopondwa, ganda la limau, mrehani, tangawizi. Hakuna ubani wa kuchomwa, udi, dawa ya mbu wala manukato ya dukani. Pumu haibishi hodi. Harufu hurudisha kumbukumbu kabla ya akili kujipanga, kwa hiyo moshi, mafuta ya taa na petroli visikaribie kabisa chumba hiki.

Kipindi chenyewe

Panga vipindi kati ya saa 2 na saa 5 asubuhi, kabla bati halijapata moto. Siku za mgao wa chakula usipange kitu. Kila kipindi kitengewe dakika 45: nusu saa ya ndani, iliyobaki ya kupangusa na kuandika. Mara ya kwanza dakika 10 zinatosha.

Salimiana nje, kwa lugha ya nyumbani. Kirundi na Kiha vinasikilizana, kwa hiyo mhudumu Muha ataelewana na familia ya Kirundi. Kwa familia zilizotoka Fizi, Kongo, tafuta anayejua Kibembe, kwani Kiswahili cha mama kinaweza kuwa kizuri wakati mtoto anajua lugha ya bibi yake tu. Mlezi aingie na mtoto. Mwite Mama Fulani au Baba Fulani, kwa jina la mtoto huyuhuyu mwenye ulemavu kama yeye ndiye mkubwa. Wapo walioacha kuitwa hivyo tangu alipozaliwa.

Ndani kila kitu kiwe kimezimwa. Keti chini, nyamaza, subiri dakika mbili tatu. Mtoto atatazama kitu, au mkono utaelekea mahali. Mpe hicho, kimoja tu. Baada ya muda kiondoe au kizime, na usubiri tena. Akionyesha kwa ishara ile aliyoitaja mlezi kwamba anakitaka, rudisha mara moja. Kazi yote ya chumba imo katika kusubiri huko: mtoto anajifunza kwamba ishara yake ina jibu. Anayejaza ukimya kwa kuwasha taa ya pili, na ya tatu, anamnyima mtoto zamu yake. Ikiwa mtoto anataka kulala juu ya mama yake nusu saa nzima bila kugusa kitu, kipindi kimekwenda vizuri.

Sauti isizidi pale ambapo watu wawili waliokaa mita moja wanazungumza bila kuinua sauti.

Dalili za kuzidiwa huja kabla ya kilio: kugeuza kichwa, kuziba masikio, kupiga miayo au kwikwi mfululizo, kutoka jasho viganjani, kukakamaa mgongo, kucheka kusikokoma. Zima kila kitu, punguza maneno, toka naye kibarazani. Mtu mzima naye anaweza kuzidiwa. Mama akianza kutetemeka au kutazama ukuta bila kupepesa, mwite kwa jina, mwambie yuko wapi na leo ni siku gani, mfungulie mlango wote. Usimshike bila kumwuliza.

Degedege likija, mlaze ubavuni, ondoa vitu karibu, angalia saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimshikilie, usimnusishe kiberiti. Likipita dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, ni kituo cha afya moja kwa moja. Usafiri wa kumpeleka uwe umepangwa tangu siku chumba kilipofunguliwa.

Mwisho utangazwe mapema kwa kitu kilekile kila siku, kwa mfano manyanga yaleyale yakitikiswa mara tatu, kisha dakika tano za kuzima kimoja baada ya kingine. Mtoto akitolewa ghafla atakumbuka kutolewa tu.

Kwenye daftari andika mistari minne: alichokichagua, alichokikataa, ishara mpya, na mkao uliomfaa. Daftari lifungiwe, lisiwe na habari za safari ya familia. Picha zisipigwe. Wageni wenye kamera waonyeshwe chumba kikiwa kitupu, na wakikasirika wakasirike.

Kupangusa: plastiki kwa maji ya sabuni kila baada ya mtoto, kisha klorini kwa vilivyoingia mdomoni, vitambaa kufuliwa na kuanikwa juani. Mtu mmoja awe na jina la kazi hiyo na alipwe posho yake. Kazi ya wote huishia kuwa ya yule mama mpole kuliko wenzake. Kila Jumatatu mtu huyo akague kamba, bolti, mishono, waya na mchwa kwenye nguzo.

Mgongo wa mlezi nao una kikomo. Mtoto wa kilo 25 anayebebwa kila siku anaweza kumharibu mama mgongo mapema. Tumia muda wa kipindi kumfundisha kunyanyua: apige goti moja, amlete mtoto kifuani kwanza, ainuke kwa miguu.

Toleo la nyumbani

Familia nyingi hazitafika zaidi ya mara moja kwa wiki, na nyingine zitapewa tarehe ya kurudi Burundi au kuhama kabla hujamaliza nao. Kila familia iondoke na mfuko wa kitenge wenye chupa moja ya kutazama, kibuyu kimoja cha kutikisa, vipande vinne vya kushika (laini, kikwaruzo, baridi, chenye manyoya), na karatasi yenye michoro mitatu ya mikao inayomfaa mtoto huyo. Pembe ya nyumba itengwe kwa jamvi na kanga iliyoning'inizwa kama pazia, dakika 15 kabla ya kulala, redio ikiwa imezimwa. Ndugu zake wakubwa wafundishwe ule mchezo wa kutoa na kusubiri. Mara nyingi wao ndio wenye subira kuliko wakubwa. Karatasi iandikwe pia kwa Kirundi au Kifaransa, ili mhudumu wa ng'ambo ya mpaka aisome bila kuanza kumchunguza mtoto upya.